Mikono Mitatu Juu ya Paa

Ilikuwa mwaka ule upepo ulipong'oa mabati ya shule. Hapana, nimekosea. Upepo ulitangulia, wakati ninaousema shule ilikuwa imeshaezekwa upya, maana watoto walikuwa wanasoma ndani, si chini ya turubai. Basi ni mwaka uliofuata. Ndiyo, mwaka ambao soko la zamani lilibomolewa, kifusi chake kikakaa njiani mpaka watu wakakizoea kama jirani. Mwaka huo ndio Mikono Mitatu alipopandishwa juu ya paa.

Jina lenyewe lataka maelezo, kwa sababu mgeni akilisikia hushika mfuko wake. Kuna mtu alishuka basi akaambiwa, "Msubiri Mikono Mitatu, atakuonyesha njia." Akaruka. "Mwenye miwili keshaniibia simu, huyo wa mitatu si ataondoka na mimi mwenyewe?"

Lakini hakuwa mwizi. Alikuwa fundi rangi. Mafundi rangi wakipaka ukuta mara moja husema wamepiga mkono mmoja. Wakirudia, mkono wa pili. Na hapo wengi huosha brashi wakaenda zao. Yeye haondoki bila mkono wa tatu. Mwenye nyumba akimwambia inatosha, hujibu, "Inakutosha wewe. Ukuta bado una kiu."

Kazi yake hasa ilikuwa nyuso za maduka: maandishi makubwa, mikate, samaki, ng'ombe anayecheka. Kabichi alizochora kwa muuza mboga zilikuwa za kijani kibichi kiasi kwamba mbuzi walifika kulamba ukuta, na muuza mboga akalalamika, na Mikono Mitatu akafurahi wiki nzima. Alipenda kusimama ng'ambo ya barabara, mikono nyuma, akiwatazama watu wanaotazama kazi yake. Ukimwita mwenye majivuno hukosei, ila yalikuwa majivuno yasiyomuumiza mtu.

Sasa, mkewe alikuwa na dada mkubwa, na dada huyo alikuwa na duka. Lilianza kama meza ya sabuni na viberiti, likawa kibanda, likawa chumba chenye paa la bati lililokaa chini. Joto la mle ndani lilikuwa la kukaanga. Ikifika saa sita, mishumaa ya rafu ya juu ilikuwa inainama yote upande mmoja kama watu wanaochungulia kisima, na mafuta ya mgando yanageuka supu ndani ya kopo. Mteja akitaka mshumaa anaulizwa, "Wa asubuhi au wa mchana?"

Shemeji huyo alipopata kiwanja karibu na stendi na kusema atajenga supamaketi, Mikono Mitatu hakulala vizuri. Aliuona ule ukuta wa mbele kabla haujajengwa. Ukuta mrefu kuliko wote mjini, unaotazamana na kila basi linaloingia! Alichora nyanya zake kwenye karatasi, akapima ng'ombe, akaamua ng'ombe huyu acheke kwa meno.

Siku alipoitwa kiwanjani alivaa shati la kutokea. Alimkuta shemeji yake pamoja na mchoraji wa majengo, binti mmoja mpole mwenye buti zilizojaa vumbi. Kuta zilikuwa zimesimama tayari, matofali ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine ya mkono, bila kuchomwa hata kwa ukuni mmoja. Kifusi cha soko kilikuwa kimepata kazi hatimaye: kilitandazwa uani na kushindiliwa, malori yasizame.

"Huu wa mbele mtaupiga lipu lini?" aliuliza.

"Hatupigi lipu, mzee," alisema yule binti. "Utabaki hivi. Udongo una rangi yake."

"Binti yangu, hata sufuria ikitoka jikoni ina rangi yake. Tunaisugua."

Shemeji yake alicheka. "Kazi yako ipo, shemeji. Iko juu."

"Juu wapi?"

"Juu ya bati. Lote. Jeupe pe."

Mikono Mitatu aliinua macho. Juu kulikuwa na kunguru mmoja, naye alikuwa anatazama kwingine.

"Na nani ataliona?"

"Umezoea kupaka watu uso," alisema shemeji. "Safari hii paka utosi."

Mafundi waliokuwa karibu walicheka mpaka mmoja akadondosha mwiko. Yule binti hakucheka. Alieleza taratibu: bati jeupe hulirudisha jua lilikotoka, chini ya paa wameacha matundu marefu ili hewa ya moto ipande na kutoka, mapaa ya pembeni yametokeza kama ukingo wa kofia ili kuta zikae kivulini. Na kwa kutegemea hayo, shemeji alikuwa amekataa kufunga mashine za kupoza hewa. Mjini walishasema mama huyu atawapika wateja wake. Paa likishindwa, supamaketi itakuwa lile duka la zamani, ila kubwa zaidi, na aibu yake kubwa zaidi.

"Kwa hiyo ni brashi yako au kicheko cha watu," shemeji alisema, na safari hii hakuwa anatania.

Mikono Mitatu alivaa kofia yake akaenda nyumbani bila kuaga.

Mkewe alikuwa kwenye cherehani, akishona koti la mtu. Alimsikiliza mpaka mwisho, mguu ukiendelea kukanyaga.

"Dada yako amenidhalilisha. Ukuta wa stendi, anauacha uchi! Mimi ananipeleka kuwapakia rangi kunguru."

"Unaona hii?" Mkewe aligeuza koti ndani nje. "Hii ni bitana. Nani anaiona?"

"Bitana haichomwi na jua."

"Basi vaa kofia yako vizuri, baba watoto. Na kesho uwahi, bati likishika moto halikanyagiki."

Akaenda. Angefanyaje? Shemeji ni shemeji, na mke ni mke, na wawili hao walikuwa tumbo moja.

Hapa niseme jambo kuhusu ngazi. Mtu mzima akipanda ngazi ndefu anajifunza nani anampenda, maana ni mmoja tu anayeishikilia chini na wengine wote wanatoa ushauri. Siku hiyo ilishikiliwa na mkono wa shemeji mwenyewe, aliyetoa ushauri pia.

Kwanza aliliosha bati lote, kwa sababu maji ya mvua ya paa hilo yangeshuka kwenye tangi la kusafishia sakafu na choo, na hakutakiwa kuacha uchafu. Kisha akafungua kopo. Rangi ilikuwa ya maji, haina harufu. Hilo nalo lilimuudhi. Kwake rangi isiyonuka ilikuwa kama chai isiyo na sukari. Akaapa moyoni: mikono miwili tu, wa tatu hawaupati. Kunguru hajui kuhesabu.

Alianzia upande wa jua linapochomoza, akisogea kidogo kidogo, akinung'unika. Alipofika katikati ya paa jua lilikuwa kichwani, akateremka kutafuta maji ya kunywa. Ukumbi ulikuwa mtupu, rafu bado hazijaletwa. Akakatiza ndani, na alipofika katikati akasimama. Akarudi hatua chache. Akasonga tena mbele.

Upande mmoja ilikuwa kama kusimama chini ya kikaango. Utosi ulichemka, masikio yakawaka. Upande wa pili palikuwa na hewa tulivu, kama chumba ambacho mtu amekifungulia dirisha. Na kati ya pande hizo palikuwa na mahali unapoweza kusimama bega moja likatoa jasho na jingine likapumzika. Alienda na kurudi, amenyoosha viganja mbele kama anayetafuta swichi gizani.

Yule mchoraji wa majengo alimkuta hivyo. "Mzee, umepoteza kitu?"

"Natafuta mpaka."

"Mpaka gani?"

"Mpaka wa rangi."

"Si ni wewe mpaka rangi?"

Mikono Mitatu alimtazama, kisha akacheka, kicheko cha kwanza tangu aanze kazi ile. "Kweli, binti yangu. Mpaka rangi ametafuta mpaka wa rangi, na ameuona kwa shingo."

Akanywa maji, akapanda tena. Safari hii hakunung'unika. Waliopita chini walimsikia anaimba, na alikuwa hajui kuimba.

Mkono wa pili ulikamilika jioni moja ambayo malori ya bidhaa yalikuwa yameshaagizwa. Kesho yake asubuhi wingu likatanda upande wa bondeni, jeusi, lenye tumbo. Shemeji alikuja akiwa ameshika kichwa.

"Shemeji, teremsha vyombo. Inatosha."

"Inakutosha wewe."

"Hata kopo limeandikwa mikono miwili," alisema binti mchoraji. "Inafanya kazi vizuri, mzee. Umehisi mwenyewe."

"Nimehisi. Ndiyo maana nataka kumaliza."

"Mvua ikikukuta juu rangi yote itaingia tangini!" Shemeji alipandisha sauti. "Na nani atapanda kukagua huko kama ni miwili au mitatu?"

Mikono Mitatu alichovya brashi. Alinyoosha brashi kuelekea upande wa pili wa anga, ambako wingu lilikuwa bado halijafika.

"Yule pale," alisema, akilionyesha jua. "Anakagua kila siku, tena hasinzii."

Shemeji alilitazama jua, akalitazama wingu. Kisha akaenda kushika ngazi.

Alipaka siku ile kama mtu anayefukuzwa. Wingu lilisogea, likasimama, likasogea. Wafanyakazi waliacha kupakua malori wakawa wanatazama juu, wengine wakishangilia wingu, wengine fundi. Mkewe alifunga cherehani akaja kumletea kofia kubwa zaidi, ya dada yake, yenye maua. Akaivaa. Na kwenye ule mstari wa mwisho, rangi ilipobaki kidogo kwenye kopo, alifanya jambo ambalo hakumwambia mtu siku nyingi: alichora kiganja kikubwa cheupe, chenye vidole vilivyotanuka, juu ya bati jeupe. Rangi nyeusi ingekunywa joto, alishajifunza hilo. Basi aliweka sahihi nyeupe juu ya nyeupe. Kisha akakaa kwenye ukingo, akalipapasa bati mpaka kiganja chake kikatoka kikavu, ndipo akateremka. Mvua ilimkuta mlangoni kwake.

Siku ya kufungua, jua lilitoka kama lilikuwa limekosewa adabu. Watu walijaa, wengine kununua, wengi kuja kuona mama anavyowapika wateja. Shemeji hakuwatazama wateja. Alikuwa amepanga mishumaa kwenye rafu ya juu kuliko zote, na kila akimrudishia mtu chenji jicho lake moja lilikuwa huko. Saa sita ikafika. Ikapita. Akapanda kigoda, akachukua mshumaa mmoja, akamwekea shemeji yake kiganjani. Ulikuwa mgumu, umenyooka.

"Wa asubuhi au wa mchana?" aliuliza Mikono Mitatu.

"Wa saa zote," alisema shemeji, akashuka kigoda.

Watu walitafuta mashine. Wengine walichungulia nyuma ya friji za maziwa, ambazo zilikuwa na milango ya kioo ili ubaridi usipotee, wengine waligonga ukuta kwa vidole wakasema, "Udongo! Nani angedhani?" Walisifu mwanga wa mchana uliokuwa unaingia bila taa hata moja kuwashwa. Wakamsifu binti wa buti, na alistahili.

"Na juu je?" Mikono Mitatu aliwaambia. "Tazameni juu!"

Walitazama juu, wakaona tumbo la bati.

Basi akaanza kuwapandisha. Alikuwa anamshika mteja mkono, mtu ana mkate kwapani, anampeleka uani na kumwonyesha ngazi. Alimpandisha muuza mboga, akampandisha mwalimu mkuu, akampandisha mkewe, aliyekaa huko juu muda mrefu akisema tu, "Lo, baba watoto. Lo." Ilibidi shemeji aifungie ngazi stoo, maana wateja walikuwa wanapanda bila kulipa.

Ghala la nafaka lilimwita baadaye, na shule, na kiwanda cha magodoro. Mpaka leo ukimwita kupaka uso wa duka lako, atakuuliza kwanza habari za utosi. Na mabasi yakiingia stendi, abiria wanaona ukuta mtupu wa rangi ya udongo, naye amesimama ng'ambo ya barabara, mikono nyuma, haoni haya hata kidogo.

Ila kuna ndege hupita juu ya mji wetu, kila siku alasiri, ndogo kama sindano. Mikono Mitatu huvua kofia akaitazama mpaka iishe. Na mtu yeyote aliyewahi kusafiri kwa ndege akija mjini, hamwachi aweke mzigo chini. Wa kwanza alimwambia alikuwa amelala. Wa pili alikaa katikati, mbali na dirisha. Mama mmoja alisema alifumba macho na kuomba kuanzia mwanzo hadi mwisho. Binti mchoraji mwenyewe, aliporudi kututembelea, alisema kulikuwa na mawingu. Swali ni lile lile, na hajapata wa kumjibu: "Ulipopita juu yetu, ukatazama chini, tunaonekana?"