Aliyeliza Kumbi za Sinema, Leo Anapiga Pasi Mashuka ya Wagonjwa

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, chumba cha chini cha hospitali kimeshakuwa tanuri. Mwanamke wa miaka arobaini na moja ameshika pembe mbili za shuka, mwenzake ameshika mbili nyingine. Wanalivuta likanyooka, wanalilaza kwenye mdomo wa pasi kubwa ya mvuke, na mapipa ya chuma yanalimeza taratibu. Upande wa pili linatoka kavu, la moto, jeupe kama vile hakuna aliyewahi kuugulia juu yake.

"Vuta, Kachozi! Mbona unalibembeleza?" mwenzake anafoka. Huyu ni mama mtu mzima, amebakiza miaka miwili astaafu. Kwa kuwa hamruhusu mtu mwingine akunje foronya, wenzake wamempa jina la Shangazi Foronya.

"Hili nakutayarishia wewe. Ukilazwa usije ukalalamika limekunjamana."

"Nilazwe mimi? Mdomo wako uoze!"

Wanacheka bila kuinua vichwa. Linaingia la pili, linaingia la tatu. Mpaka saa tisa alasiri watakuwa wamepitisha mashuka mia nne, na wodi ya upasuaji ikijaa, mia tano.

Macho ya Kachozi ni mekundu na yanachuruzika. Anayafuta kwa bega, maana mikono ina kazi.

"Usije ukaandika nalia," anamwonya mwandishi. "Hii ni dawa ya kung'arisha nguo. Humu ndani kila mtu anachuruzika."

Jina la Kachozi hakupewa hapa. Alikuja nalo, na kila akijaribu kulitupa linarudi kama mbwa wa jirani. Wiki haipiti bila mtu aliyekuja kumwona mgonjwa kumsimamisha kwenye korido: "Wewe si yule mtoto wa sinema? Hebu tulilie kidogo basi!"

Aliingia kwenye filamu akiwa na miaka saba. Mama yake alikuwa akiuza mayai ya kuchemsha nje ya jengo la ofisi, na mwongozaji mmoja wa filamu alikuwa mteja wake wa mayai mawili kila siku. Akamwona mtoto amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, uso wote macho. "Huyu nipe mimi," akasema. Mama akadhani ni utani wa mteja. Kesho yake gari likaja.

Ilikuwa filamu ya mtoto anayefiwa na mama. Foleni ya tiketi ilitoka ukumbini ikafika barabarani. Kwenye mabango kulikuwa na uso wa mtoto, na chozi moja limesimama shavuni, halianguki.

"Mimi niliiona mara tatu," anasema Shangazi Foronya, ambaye siku hizo alikuwa msichana wa kuchumbiwa. "Mchumba wangu akaniuliza, hivi tunakuja kwa ajili yetu au kwa ajili ya huyu mtoto? Nikamwambia, wewe jifunze kulia hivi kwanza, ndipo tuzungumze."

Kwa miaka minne Kachozi alicheza filamu tano, na zote alilia. Malipo ya ile ya kwanza yalikuwa cherehani ya mama, ambayo iliuzwa kabla mwaka haujaisha, na jozi ya viatu vyeupe vilivyombana vidole.

Kilichokuwa nyuma ya chozi lile hakukisema kwa zaidi ya miaka thelathini. Anakisema sasa huku akinyoosha shuka, bila kumtazama mtu.

"Siku ya kwanza sikuweza kulia. Wakaniletea kitunguu, wakanifinya, wapi! Basi yule bwana akamtuma mama dukani, duka la mbali. Mama alipoondoka, akaja akachuchumaa mbele yangu. Akavua kofia. Akaniambia pole mwanangu, mama yako amegongwa na lori. Amekufa."

Kamera ilikuwa imewashwa tangu alipochuchumaa.

"Nililia mpaka nikajikojolea. Lile chozi la kwenye bango ni la siku hiyo."

Nusu saa baadaye mama akatokea, mkate kwapani. Mtoto akamkimbilia, akamng'ata mkono. "Nilimng'ata kweli, damu ikatoka. Watu wote wakacheka. Mama naye akacheka, masikini, hajui anachekea nini."

Haikuhitajika tena kumtuma mama dukani. Toka siku hiyo mwongozaji alikuwa akiinama tu na kunong'ona neno moja sikioni: lori. Chozi linashuka.

"Namwona mama yangu pale, amekaa anamenya yai, mzima kabisa, na machozi yananitoka. Mwili ni kama punda. Ukishaijua njia, haukuulizi wewe unataka kwenda wapi."

Kwenye fremu ya mlango wa ofisi ya mwongozaji palikuwa na alama ya chaki. Kila mwezi alisimamishwa pale, kisigino ukutani. Alipofika miaka kumi na moja, utosi wake ukaipita ile chaki. Hakuna aliyemwambia neno. Gari tu halikuja. Alikaa kizingitini siku tatu, amevaa viatu vyake vyeupe, anasubiri.

Alirudi shule akiwa mrefu kuliko darasa zima na amesahau kugawanya. Watoto walimzunguka: tulilie, tulilie. Hakumaliza mwaka. Akaosha vyombo kwenye hoteli, akafua nguo za watu, na mwishowe akapata kazi hospitali. Sasa ni mwaka wa kumi na nne.

Miaka mitatu iliyopita mama yake alilazwa ghorofa ya pili ya hospitali hiihii. Kachozi alikuwa akimchagulia mwenyewe mashuka yasiyo na viraka, na kumpandishia yakiwa bado na joto la pasi. Asubuhi moja muuguzi akashuka ngazi, akasimama mlangoni, akasema kwa sauti ya chini: dada, mama ametutoka.

"Nikamjibu, 'Haya, niko tayari.'"

Pasi inameza shuka jingine.

"Nilikuwa namsubiri mtu aseme 'kata', kama kwenye filamu. Nikalimalizia lile shuka nililokuwa nimeshika, nikalikunja pembe kwa pembe. Shangazi ndiye aliyenivua aproni."

Shangazi Foronya anashika pembe za shuka linalofuata.

Mazikoni Kachozi alisimama macho makavu. Mwanamke mmoja nyuma yake hakuona haja ya kushusha sauti: "Leo hajalipwa huyo." Kaka yake mkubwa, fundi bomba, alisubiri watu watawanyike ndipo akamsogelea. "Watu wa tiketi umewalilia," akamwambia. "Mama yako umemnyima." Tangu siku hiyo kaka hapokei simu ya dada yake.

"Simlaumu kaka. Ningekuwa yeye ningesema vilevile. Mimi mama yangu nilishamlilia mara elfu. Alipokufa kweli, nikatumbukiza ndoo kisimani, ikagonga mawe."

Na sasa sinema imerudi mlangoni kwake.

Jumanne iliyopita alikuja kijana nadhifu, mtoto wa yule mwongozaji ambaye naye alishafariki. Anataka kuitengeneza upya ile filamu ya kwanza. Na anayemtaka ni binti wa Kachozi, mtoto wa miaka tisa, ambaye kwa maswali yake wapangaji wenzao wamembatiza Bi Swali.

Kijana ameahidi kulipa ada mpaka mtoto amalize shule ya msingi. Si ahadi ndogo. Baba wa mtoto ana nyumba nyingine na habari zake hazisikiki. Mshahara wa Kachozi unakata pumzi tarehe kumi na nane. Muhula huu Bi Swali amerudishwa nyumbani mara mbili kwa ajili ya ada. Jibu linatakiwa Jumamosi.

"Mama, sisi siku hizi hatutishi watoto," kijana alisema, bila kujua jinsi baba yake alivyomliza Kachozi. "Kuna matone. Unadondosha jichoni, basi."

Akataka kumjaribu mtoto palepale, simu mkononi. Kichupa cha matone hakikufunguliwa. Bi Swali aliutazama ukuta kidogo tu, na chozi moja likashuka, likasimama shavuni.

Kijana akapiga makofi. "Damu hiyo, mama! Kipaji kimerithiwa!"

Kachozi akatoka nje, akaanza kuanua nguo ambazo zilikuwa hazijakauka.

Leo ni Alhamisi, saa kumi jioni. Chumba wanachopanga kina dirisha moja na vitanda viwili vilivyoachana kwa upana wa mtu. Mama amekaa kitandani, miguu ndani ya ndoo ya maji ya chumvi. Mtoto amechuchumaa sakafuni, anafua sketi ya shule kwenye beseni.

"Mama, Jumamosi tunasema ndiyo?"

"Sijui."

"Mbona wewe ulicheza?"

"Mimi sikuulizwa."

"Na mimi hujaniuliza."

"Haya, nakuuliza. Juzi ulilia vipi?"

Mtoto anasugua sketi. "Nililia tu."

"Hakuna kulia tu. Nani alikufundisha?"

"Hakuna mtu. Nilijifunza mwenyewe kwenye kioo."

"Unafanyaje?"

Bi Swali anainama. Analisema haraka, kama mtu anayekiri kuvunja kikombe. "Nawaza umekufa."

Nje kuna mtu anagongelea misumari kwenye bati. Kachozi anasubiri mpaka nyundo inyamaze.

"Nimekufaje?"

"Mara nyingine umeungua na ile pasi ya kazini. Mara nyingine umelala tu, nakuamsha, huamki."

"Umeshaniua mara ngapi?"

"Nyingi."

"Na machozi yanakuja kila mara?"

Mtoto anafikiri. Hataki kusema uongo. "Mwanzo yalikuwa yanakuja haraka. Siku hizi mpaka niwaze sana."

Kachozi anatoa miguu ndooni, haipangusi. Anashuka, anakaa sakafuni upande wa pili wa beseni. Hapo, kwa mara ya kwanza, anamsimulia binti yake habari za lori, za mkate na za mkono wa bibi. Anamsimulia na yale aliyomjibu muuguzi.

Bi Swali anasikiliza mdomo wazi. "Bibi alijua kwa nini ulimng'ata?"

"Hapana. Alikufa anajua nilimng'ata bure."

"Mjomba je, anajua?"

"Hajui."

"Mbona hukumwambia?"

"Hakuniuliza."

"Kwani mpaka uulizwe?"

"Nitamwandikia ujumbe," anasema. "Ajibu asijibu, atakuwa amesoma."

"Sasa tukikataa, ada?"

"Ada ni shida yangu."

"Shida yako ndiyo inayonirudisha mimi nyumbani."

Kachozi anachota povu, analiangalia likipasuka kiganjani. Kisha anasema mpango wake, polepole, kama anayehesabu mashuka.

"Jumamosi nitamwambia yule kijana ndiyo. Ila nitakuja na wewe kila siku. Nitaomba likizo, wakininyima nitabadilishana zamu na Shangazi. Nitasimama kando ya kamera, pale unaponiona. Wao watumie matone yao."

"Mama." Mtoto anatikisa kichwa. "Nikikuona sitaweza kulia."

"Ndicho ninachotaka."

"Watanifukuza!"

"Wakikufukuza tutarudi wote wawili. Machozi yako uyaweke."

"Mpaka lini?"

Kachozi anaitoa sketi majini, anampa mtoto ncha moja, yeye anashika nyingine, na wanaanza kuikamua, huyu akizungushia huku na yule kule. Maji yanadondoka kwenye beseni, kwanza mengi, halafu machache.

"Vuta," anamwambia.