Sufuria Isiyokumbuka Nyama

Nimefanya kazi na waoga wengi maishani mwangu, lakini mwanamume wa kuogopa sufuria nimemwona mmoja tu, Kiplangat mpishi. Chui aliwahi kuingia kwenye banda la kuku pale shambani, na Kiplangat akamfukuza kwa mwiko. Lakini siku aliyotumwa Nakuru kununua sufuria alivaa kofia, akaivua, akaivaa tena, mpaka nikamshikia.

Nianze vizuri. Shamba lilikuwa Bahati, karibu na Nakuru, na mimi, jina langu Wangu, Mkikuyu, nilikuwa yaya wa mtoto wa Bwana, Mzungu mwenye shamba. Ilikuwa miaka ile ambayo Mkikuyu haendi hata kisimani bila pasi ya ruhusa mfukoni. Kiplangat alikuwa Mkipsigis wa upande wa Kericho. Alitoka kwao kijana, akazeekea jikoni kwa Wazungu, na alichokipata kwa kazi hiyo yote kilikuwa ng'ombe mmoja mwekundu.

Hata huyo mmoja alikuwa wa bahati. Wazungu walikuwa wamekataza wafanyakazi kufuga, na mifugo ya watu ilikuwa imeuzwa au imefukuzwa. Ng'ombe wa Kiplangat aliachwa kwa sababu ya tumbo la mtoto wangu. Mtoto yule alitapika maziwa ya kila ng'ombe isipokuwa ya huyu mwekundu. Basi Memsabu, mke wa Bwana, akasema ng'ombe akae, na kila asubuhi maziwa yaende nyumba kubwa. Maziwa yakikoma, ng'ombe aondoke. Wakati huo alikuwa na mimba, na bado anakamuliwa. Mwisho wa mwaka Kiplangat angeacha kazi arudi kwao na ng'ombe na ndama. Mkono mtupu haulambwi, na kwao mzee asiye na ng'ombe haulizwi neno barazani.

Mwaka huo Bwana akanunua gari dogo, akataka kwenda kupiga kambi Ndabibi, kando ya ziwa la Naivasha. Baba yake alikuwa akisafiri na lori zima la masanduku. Yeye akasema hapana, gari ni dogo, chombo cha kupikia kiwe kimoja. Memsabu hakutaka sufuria nyeupe za jikoni, kwa maana rangi yake hubanduka zikigongwagongwa njiani. Alitaka ya stenlesi, chuma kile kipya kinachong'aa.

"Sufuria moja tu," Bwana akamwambia Kiplangat. "Mzuri. Wewe nachagua, wewe ndiyo napika."

Ungefikiri amemhukumu kifungo. Mtu ambaye sukari anapimiwa kwa kikombe, na ufunguo wa stoo unalala chini ya mto wa Memsabu, leo anaambiwa achague! Mimi nilikuwa nimetumwa nyuzi za kufumia mjini siku hiyo hiyo, kwa hiyo tulipanda pamoja lori la mahindi, tukakaa juu ya magunia. Tukaanza kuona mabati ya mji.

"Wangu," akasema, "sufuria moja itapika nyama na kuchemsha maziwa?"

"Kwani shida iko wapi? Utaosha."

Akaniangalia kama mtu aliyeuliza njia akajibiwa na kipofu. Ndipo akanieleza. Kwao nyama na maziwa havikutani. Havikutani tumboni siku moja, sembuse chunguni. Maziwa yakiingia kwenye chungu kilichojua nyama, anayeumia si mtu. Ni ng'ombe aliyeyatoa. Chuchu zinakauka, na kama ana mimba, mimba inatoka.

Nilicheka. Nisingecheka kama ningejua, lakini nilicheka. "Ng'ombe yuko Bahati, chungu kiko Ndabibi. Ataambiwa na nani?"

"Hata mimi sijui anaambiwa na nani," akasema kwa unyonge. "Lakini anajua."

Duka la vyombo lilikuwa la Mhindi mmoja aliyeitwa Velji, mzee mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alitupangia sufuria za stenlesi juu ya meza, zinang'aa mpaka nikaona meno yangu. Kiplangat akaanza. Akazigonga kwa ukucha, akasikiliza. Akainusa moja, kisha nyingine, kisha akarudia ya kwanza. Akaingiza kichwa ndani ya ile kubwa. Watu wakaanza kutazama.

"Mchagua jembe si mkulima, mzee," nikamwambia. "Lori itatuacha."

Velji akaleta nyingine, yenye sufuria ndogo iliyolala ndani ya kubwa. Nikapiga makofi. "Haya, hiyo! Kubwa ya nyama, ndogo ya maziwa. Shida imekwisha."

Kiplangat akaitoa ndogo, akairudisha, akaitoa tena. "Bwana alisema moja. Hii ni moja au ni mbili?"

"Mwanamke mwenye mimba ni mtu mmoja au wawili? Chukua!"

"Na zinalala pamoja," akaendelea, wala hakunisikia. "Njia yote mpaka Ndabibi, ya maziwa iko ndani ya tumbo ya nyama. Si ni kukutana huko?"

Velji alikuwa akisikiliza. Akavua miwani. "Mzee, wewe naogopa nyama kugusa maziwa?"

Kiplangat akaitikia kwa kichwa, tayari kuchekwa mara ya pili. Lakini Velji hakucheka. Alivuta kiti, akakaa karibu naye. Akasema nyumbani kwake nyama haijawahi kuvuka mlango, tangu babu yake. Wakati mmoja mgeni asiyejua alitia kipande cha nyama kwenye chungu chao, na mke wake akakivunja chungu kile pale pale uani. "Udongo nakunywa," akasema. "Nyama nakwisha, lakini chungu nakumbuka. Chuma hapana kumbuka. Chuma unasugua na majivu, unapitisha kwa moto, kwisha. Kama jana haikuwa. Na hii stenlesi, hata kutu haishiki. Itashika nyama wapi?"

Kama ni furaha ya kueleweka, Kiplangat aliipata kwa muda wa kuvuta pumzi moja. Kisha uso ukamjaa mikunjo upya. Alichagua sufuria moja ya kina kirefu, yenye mkono wa kuning'iniza kama wa ndoo, tukatoka. Njiani akanigeukia.

"Wangu, ile ni sheria ya Wahindi. Ng'ombe wangu ataijuaje?"

Nikamshika mkono, tukaliwahi lori.

Siku ya safari ilipofika aliketi nyuma ya gari pamoja nami na mtoto, sufuria magotini, chupa za maziwa miguuni, na chini ya koti lake kopo tupu la jamu. Nilipoliona nikaelewa. Ameamua maziwa yachemshwe kwenye kopo, kwa siri, na sufuria ibaki ya nyama tu. Kwa hesabu yake hakuna aliyedanganywa. Bwana amepata sufuria yake moja, na ng'ombe amepata amani.

Siku ya kwanza mambo yalikwenda sawasawa. Tulipiga kambi chini ya migunga, viboko wakikoroma majini, Bwana akapiga bata wawili, na sufuria ikapika bata vizuri ajabu. Kiplangat aliisugua kwa majivu, akaipitisha kwenye miale ya moto ndani na nje, kama alivyoambiwa na Velji. Nikamuuliza, kama maziwa yana kopo lao, kazi yote hiyo ya nini? Akasema hajui, anafanya tu. Wasiwasi ndio akili, lakini wake ulikuwa umepita akili.

Asubuhi yake alikwenda kutafuta kuni. Mtoto akaamka analia njaa, na mimi nikawa ninambadilisha nguo hemani. Memsabu, ambaye nyumbani hajui hata jiko linafunguliwa wapi, siku hiyo akasikia raha ya kambi na kutaka kupika mwenyewe. Akaliona lile kopo, jeusi kwa masizi, mdomo umekatika vibaya. Akalishika kwa vidole viwili, akalitupa majanini. Nilipotoka hemani maziwa ya ng'ombe mwekundu yalikuwa yanafura ndani ya sufuria ya bata.

Kiplangat alitokea na mzigo wa kuni kichwani. Akaona moshi, akaona sufuria, akaona povu jeupe. Hakuutua mzigo. Alisimama nao tu, mpaka Memsabu akamuuliza kama ni mgonjwa. Mtoto alikunywa akamaliza, akacheka.

Nilimfuata kule ziwani alikokwenda kuchota maji. "Mzee, maji yakimwagika hayazoleki," nikamwambia. "Na ng'ombe ni mnyama tu. Usijiue kwa ajili ya kikombe cha maziwa."

Hapo ndipo alipoketi chini kwenye matope na kunieleza habari ya mama yake. Alipokuwa mdogo, kulikuwa na njaa, na ndugu yake mchanga akawa mgonjwa sana. Chungu cha maziwa kilikuwa kimepasuka. Mama yake akachukua chungu cha nyama, akaosha, akamchemshia mtoto maziwa. Mtoto alipona. Lakini kabla mwezi haujaisha ng'ombe wa baba yake walianza kufa, na watu wakatafuta sababu wakaipata. Mama akarudishwa kwa kaka zake, upande wa Litein. Kiplangat na ndugu yake wakabaki kwa baba. Aliposimulia hakulia, lakini sauti ilikuwa ya mtoto kabisa, na mimi niliona aibu kwa kicheko changu cha kwenye lori.

"Sasa ng'ombe wangu akifa," akasema, "nitajua mama alifanya vibaya kweli. Asipokufa..." Akainuka, akachota maji.

Tulirudi Bahati, na kungoja kukaanza. Kila jioni alikwenda kumpapasa ng'ombe tumbo. Maziwa yalipopungua karibu na kuzaa, alikuja mlangoni kwangu rangi imemtoka.

"Anakauka, Wangu! Anakauka!"

"Mzee, wewe ndiwe uliyekaa na ng'ombe tangu kuzaliwa. Ng'ombe anayekaribia kuzaa hufanya nini?"

"Hukauka," akajibu, na hilo nalo halikumtuliza. Bahati njema mtoto wangu alikuwa ameanza kula uji na mayai, na Memsabu hakuuliza habari ya maziwa.

Ng'ombe alizaa mchana, siku za Krismasi. Ndama jike, mwekundu kama mama yake, akasimama mwenyewe na kutafuta titi. Watu wa shamba walishangilia, mimi nikapiga vigelegele. Kiplangat alisimama kando akimtazama yule ndama kana kwamba ameletewa barua asiyoweza kuisoma.

"Basi furahi!" nikamwambia.

"Mama hakukosa?" akaniuliza. "Au ni ile stenlesi? Kile chake kilikuwa cha udongo, Wangu. Velji alisema udongo unakumbuka. Nitajuaje?"

Njia ya kujua ilikuwapo. Achukue chungu cha udongo, apike nyama, kisha achemshe maziwa ya ng'ombe huyu huyu. Sikuthubutu kuitamka, na nadhani naye aliifikiria akaikimbia.

Aliomba ruhusa, akaenda Litein kumwona mama yake kwanza, kabla ya kuhamisha wanyama. Aliporudi alikuwa amepungua. Mama yupo, mzee sana, ameinama lakini macho anaona. Alimpokea vizuri. Kiplangat alimwambia habari ya ng'ombe, mama akafurahi. Lakini alipomwambia kwamba atawaleta kwake, kwenye boma lake, ndama awe wake, mama alisimama.

"Alikataa," Kiplangat akasema. "Aliniambia, 'Usiwalete karibu na mimi. Mkono yangu inaua ng'ombe.' Wangu, mama hajagusa kibuyu ya maziwa tangu wakati huo. Hata ya kaka zake hakamui. Chai anakunywa bila maziwa. Mzee kama yule!"

Nilikasirika. Sijui niliwakasirikia nani, baba yake aliyekufa zamani, au njaa, au huyu mzee aliyeketi mbele yangu, mwenye ndama mzima na hajui la kufanya.

"Wewe ulimwambia nini?"

"Ningemwambia nini?"

"Mwambie hakukosa!"

"Na kama alikosa? Mimi mwenyewe sijui."

"Hata mimi sijui," nikasema, "na Velji hajui, na Bwana hajui, na ng'ombe hasemi. Mtoto alikuwa anakufa, akampa maziwa, akapona. Mwambie hakukosa, mzee. Mpelekee ndama, simama hapo mbele yake umwambie, na usimwambie habari ya stenlesi."

Akaniuliza, "Nikisema hivyo, itakuwa ni kweli?"

"Sema tu."

Aliondoka siku ya tatu yake kwa miguu, kazi ameiacha, ng'ombe mbele, ndama amefungwa kamba laini shingoni. Nilimsindikiza mpaka langoni nikiwa nimembeba mtoto. Alituaga, akageuka, na nikaona midomo yake inacheza. Alikuwa akisema jambo kwa lugha ya kwao, maneno machache, yale yale, akifika mwisho anaanza tena. Mwanzoni nilidhani anazungumza na ng'ombe. Kisha nikaelewa kwamba anajifundisha maneno ya kumwambia mama yake.