Maneno Aliyoninong'oneza Mama Salma

Mpaka leo nausikia ule mlio wa kitufe cha mashine ya kurekodi: ka. Nilikibonyeza mimi, chini ya lesu niliyojifunga, jikoni kwa Mama Salma kule Kisugu. Kosa ni langu, simsukumii mtu.

Nilikuwa mtumishi wa mwalimu mmoja wa kizungu, Wandegeya. Shule niliishia darasa la saba, lakini mashine ile niliijua. Mwalimu alichunguza lugha chache ndogo za Kameruni, binamu za lugha zetu za Kibantu, apate kujua zipi ni za tumbo moja. Mama Salma alizungumza mojawapo. Mumewe, mtu wa kwao, alifundisha chuoni Kyambogo.

Tatizo, maneno mengi ya Mama Salma yalikuwa ya lugha za majirani zao, na mwalimu akashindwa kujua lugha ile aiweke ukoo gani. Sababu niliijua mimi, nikamwambia. Kwao mke hatamki jina la baba mkwe wala la ndugu zake, hata likiwa neno la kila siku. Baba mkwe wake jina lake, kwa lugha yao, ndilo neno la moto. Basi moto akauita kwa neno la kuazima.

Siku zile serikali ilikuwa inawafukuza wageni nchini, mwalimu ana haraka. "Niletee maneno yenyewe," akaniambia. "Tutayasikia mimi na wewe tu. Halafu tunaondoka wote, utakuwa msaidizi wangu Ulaya."

Banange, jamani, nilikwisha kujiona nimevaa koti la baridi.

Mama Salma alininong'oneza maneno yale huku anacheka. "Wewe ni mwanangu. Lakini yakitoka hapa, mimi sina nyumba."

Wiki ile ile mwalimu akawapigia wenzake mkanda ule. Mume wa Mama Salma alikuwa amekaa nao. Akamsikia mkewe akilitaja jina la marehemu baba yake.

Hakumpiga. Alimwambia tu arudi kwao. Mama Salma akaondoka na mwanawe mgongoni, njia za Zaire, wanajeshi wamefunga barabara kila mahali. Sijui kama alifika.

Nikakimbia kwa mwalimu. Mlinzi getini akanitazama, akacheka. "Nyabo, bibi, mzungu wako ameruka na ndege jana. Kwani hakukuaga?"

Lugha ilipata ukoo wake. Mwenyewe alikosa nyumba.

Dada zangu, mtu akikupa siri huku anacheka, usidhani ni ndogo. Na anayekutuma ukamwibie mwingine, usingoje akubebe.

Jioni hii nimewasha mkaa kwenye sigiri, niko peke yangu. Nikauita moto kwa lile neno la kuazima, polepole, kama alivyokuwa akiuita yeye.