Wiki ya Kuhesabu Watu Bustanini

Wenye maduka ndio waliompa jina la Mama Majani, maana kwa miaka kumi na tisa hakuwa na kazi nyingine ila kufagia, kumwagilia na kupogoa ile bustani ndogo nyuma ya stendi. Mumewe, fundi cherehani aliyepooza upande mmoja, alishinda hapo kivulini kila mchana, kwa kuwa chumba chao cha bati kilikuwa tanuri.

Siku moja akaja mpimaji kutoka ofisi ya mji. Walitaka kujua bustani ina faida gani. Ikionekana haina, iwe maegesho ya magari.

"Tutahesabu wanaoingia, saa tatu hadi saa nane, siku tano," alisema. "Wasipofika mia kwa siku, basi tena."

"Baba, watu wangu huja jioni wakitoka kazini. Mchana ni wagonjwa na wazee tu."

"Fomu haina jioni, mama."

Siku ya kwanza waliingia thelathini na mmoja. Mama Majani akaenda zahanati kuazima kipimajoto cha ukutani. Chumbani kwake kilisoma thelathini na saba. Kivulini, ishirini na nane. Akaandika kwenye karatasi, akampelekea mpimaji. Yule bwana aliisoma kwa adabu, akamrudishia.

Hapo Mama Majani akachanganyikiwa. Siku ya tatu alitoka barabarani, akawashika watu mikono. "Pita tu ndani, ndugu yangu. Ingia huku, tokea kule." Wengine walimcheka, wengine wakamkwepa. Wauza mboga wakamwonea huruma. Wakaingia, wakazunguka, wakaingia tena wamebadilishana vilemba.

Mpimaji hakuwa mtoto mdogo. "Mama, umeniharibia hesabu yote," alisema kwa upole uliomchoma kuliko matusi. Akapiga mstari mwekundu juu ya wiki nzima.

Mwezi haukuisha, miti ikawa chini. Mama Majani akahamishiwa kufagia korido za ofisi ya mji. Hakuthubutu kumwambia mumewe ukweli. Alimdanganya kwamba bustani inakarabatiwa. Kila adhuhuri alichomoka kazini, akakimbia nyumbani kumlowanishia taulo kifuani.

"Wanamaliza lini, mke wangu?"

"Karibuni."

"Juzi pia ulisema karibuni."

Alikamua taulo, akamgeuzia mgongo. Ilibaki robo saa arudi kazini, na jua ndiyo kwanza linaanza kukaza.