Mfinyanzi Aliyekataa Kulikana Jina

Syokau amefinyanga vyungu katika kambi ya wafanyakazi wa shamba la mkonge, mashariki ya Thika, tangu nilipokuwa kijana. Mumewe Mwanzia alikuwa mkataji wa mkonge mpaka kifua kilipomlaza. Alipozikwa, ndugu zake walikuja kumchukua mjane arudi kwao Machakos. Aliwaambia udongo wa huku ni mzuri, na watu wa kambi bado wanapika. Akabaki na binti yake, Kanini.

Si mtu wa kupendwa kwa haraka. Mlevi akija kununua chungu, humwambia arudi kesho akiwa na miguu miwili. Hajawahi kuuza chungu chenye ufa, na mtu akimwambia ufa wenyewe ni mdogo, hukipasua mbele yake.

Kila Jumapili, kabla ya ibada, alifundisha watoto katekisimu. Walikuwa watoto wa Wakamba na wa Wakikuyu, hivyo alifundisha kwa Kiswahili. Alikuja na donge la udongo mkononi, akawaeleza kwamba Biblia inasema Mungu alitwaa mavumbi akafanya mtu. Kisha akawauliza nyumbani kwao husemwaje. Wakamba walisema watu wa kwanza walitupwa kutoka juu wakaangukia jiwe la Nzaui. Wakikuyu walisema Mungu alimwonyesha Gikuyu nchi kutoka mlimani, akampa mke aitwaye Mumbi, nao wakazaa mabinti. Kuhusu kifo, pande zote mbili zilisimulia jambo moja: kinyonga alitumwa na habari njema ya uzima, akachelewa njiani, na ndege akatangulia na habari mbaya.

"Na katika Biblia ni nyoka," Syokau akasema. "Kwa nini kila mahali analaumiwa mnyama?"

Gathoni, msichana wa miaka tisa, akajibu, "Kwa sababu mnyama hawezi kujitetea, mwalimu."

"Basi ninyi mnaoweza kusema, msimsingizie mtu."

Niliwahi kumwuliza kama haoni hatari ya kuchanganya mambo. Alinijibu kwamba hachanganyi, anaweka vyungu vitatu kando kwa kando ili watoto waone kipi kinashika maji. "Mimi nachota kwa kile cha Biblia," akasema. "Lakini sitawaambia kuwa bibi zao walikuwa wajinga. Walikuwa wakimtafuta huyu huyu, ila hawakuwa wameandikiwa barua."

Jambo lenyewe lilitokea mwezi wa Machi 1954, mwaka wa pili wa Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni. Pasta Zacharia alimwomba Syokau afunge ibada kwa maombi. Watu wazima waliruhusiwa kuomba kila mmoja kwa lugha yake, naye akaanza kwa Kikamba: "Mumbi, Mwatuangi..." Maana yake ni Mwumbaji, wewe uliyetupasulia vidole vya mikono. Hivyo ndivyo Wakamba wanavyomwita Mungu. Mfinyanzi naye, kwa Kikamba, ni mumbi.

Mzee wa kanisa aitwaye Bedan, Mkikuyu wa Ruiru na karani wa stoo ya shamba, alifumbua macho. Kwake Mumbi ni yule mama wa kabila. Na siku hizo waliokula kiapo msituni cha kupigana na serikali waliapa kwa nyumba ya Gikuyu na Mumbi. Mtu aliyelitamka jina hilo mbele ya homugadi, walinzi wa kienyeji wa serikali, aliweza kupelekwa kuchujwa, yaani kuhojiwa kizuizini, na wengine hawakurudi upesi.

Jumatano tulikaa vestri, chumba cha nyuma ya kanisa: Pasta Zacharia, Bedan, na mimi niliyekuwa mwandishi wa baraza la kanisa. Bedan alikuja na karatasi iliyokwisha kuandikwa. Syokau akiweka kidole gumba, mambo yamekwisha. Asipoweka, atatolewa darasani na kwenye meza ya Bwana, na Bedan atalipeleka jina lake posti ya homugadi.

"Mama Kanini," Pasta akasema, "ni jambo dogo. Weka kidole, twende tukanywe chai."

"Nisomewe kwanza."

Nikasoma: "Mimi Syokau natubu kwa kuiomba sanamu iitwayo Mumbi."

"Sanamu ipi?"

"Usitufanye watoto, mama," Bedan akasema. "Hakuna asiyemjua Mumbi."

"Wewe unamjua wa kwenu, aliyezaa mabinti. Wa kwetu hana mabinti. Wa kwetu ndiye aliyeumba mama yenu huyo na mabinti zake."

"Basi mwite Mungu, kama wenzako."

"Namwita. Na wewe, Pasta, Jumapili ile ile ulisema Muumba wa mbingu na nchi, nami nikaitikia amina. Niambie, Muumba na Mumbi ni watu wawili?"

"Neno ni moja," Pasta akasema kwa sauti ya chini. "Lakini wakati huu, mama, neno hilo lina damu."

"Aliyelimwagia damu ni mimi?"

"Homugadi hawana nafasi ya kujifunza Kikamba," Bedan akasema.

"Hilo ni kosa lao, lisifanywe dhambi yangu. Mzee Bedan, binti yako mkubwa anaitwa nani?"

Bedan alitazama dirishani. Sote tulijua anaitwa Mumbi, na kwamba alikuwa darasani kwa Syokau.

"Ninapomwita asome kifungu, namlisha kiapo?"

"Mtoto ni mtoto."

"Na Mungu ni Mungu."

Pasta Zacharia hakuwa mtu mbaya. Alisogeza karatasi kando, akamwambia aahidi tu kwamba kuanzia siku hiyo ataomba kwa Kiswahili, aseme Muumba, naye ataichana karatasi mbele yetu. Mimi nilipumua. Niliona mlango umefunguka.

Syokau alikwangua udongo mkavu kwenye kucha. "Muumba nalisema kila siku, na ni jina zuri," akasema. "Lakini nikilisema kwa kuliogopa lile lingine, nimekiri kwamba Mungu hasikii Kikamba. Bibi yangu alikufa hajaona mmisionari hata mmoja. Alipomwita Mumbi wakati wa njaa, alikuwa anaita nani? Hewa? Kidole changu sikiweki hapo, Pasta."

Akatoka. Bedan akaniambia niandike kwamba ameasi. Nilikuwa na cheti cha chuo cha ualimu, na nilijua kukataa ni jambo moja na kuasi ni jingine. Niliandika ameasi. Sina wa kumlaumu.

Homugadi walimchukua Ijumaa. Walimweka siku kumi na moja wakimwuliza nyumba ya Mumbi ni ya nani. Akajibu kwamba mumbi ni yeye, na nyumba yake ni ile yenye vyungu mlangoni, waende wakaone. Alipigwa kofi kwa jibu hilo, akalirudia. Mwishowe askari mmoja Mkamba aitwaye Nzau alimsikia akiomba, akawaeleza wakubwa wake maana ya maneno yale, wakamwachilia.

Jumapili iliyofuata aliketi benchi la mbele, jicho moja limevimba. Pasta alisoma hukumu: hatafundisha, wala hatashiriki meza ya Bwana, mpaka atubu mbele ya wote. Syokau akasimama. Tulidhani anatubu. Alifumba macho akaanza, "Mumbi, Mwatuangi," akaomba mpaka mwisho, kisha akaifasiri sala yote kwa Kiswahili, neno kwa neno, ili asiwepo wa kusema hakuelewa. Hakuna aliyemzuia. Wanawake wanne waliitikia amina, na mmoja wao, Wakonyo, ni Mkikuyu.

Huu ni mwaka wa tano. Sahani ya mkate humfikia jirani yake, ikamruka, ikaendelea. Yeye hukaa pale pale mbele, hajahamia kanisa jingine wala benchi la nyuma. Wanaosema ni kiburi wajiulize wao wamewahi kulipia neno lipi.

Mwezi uliopita Pasta mpya, Philip, alimwendea kwake akamwambia Hali ya Hatari inakwisha, watu wamesahau. Aseme tu kwamba ulimi uliteleza, arudishwe siku hiyo hiyo.

"Haukuteleza," Syokau akamwambia, na akaendelea kulainisha mdomo wa chungu. "Nyinyi mkiwa tayari kusema mlikosea, mnajua ninapokaa."