Chai Juu ya Mtambo

Serikali ilipofungulia biashara ya nje, vyombo vya umeme vya mitumba vilianza kumiminika Morogoro, na ndani ya televisheni zilizokufa nikawa napata transista nzuri, vile vidude vinavyokuza na kukata umeme. Nilikuwa na leseni ya redio ya ridhaa, ya kuzungumza hewani kwa kujifurahisha tu, na nyumbani Mafiga nilikuwa nimejitengenezea mtambo wa kurushia mawimbi marefu. Msikilizaji wangu alikuwa rafiki mmoja, mkulima wa mdalasini kule Kinole, upande wa pili wa milima.

Shida ilikuwa betri. Ilikuwa ya mke wangu, na jioni iliwasha taa ya kibanda chake cha chipsi. Mtambo uliinyonya, na sehemu kubwa ya umeme huo iliishia kuwa joto. Nilikuwa nimeifunga transista kwenye mfuniko wa sufuria ili isiungue. Mke wangu, asiyependa kitu kipotee bure, aliweka kikombe chake juu ya mfuniko huo kila niliporusha mawimbi, na chai ikabaki ya moto hadi funda la mwisho.

Kisha jioni moja taa ilizimika wateja wakiwa bado wanakula.

“Baba, watu wametafuta sahani kwa kupapasa,” mke wangu aliniambia. “Ikizimika tena, huo mtambo uhamie Kinole, ukaishi na mwenzako.”

Nilirudia michoro yangu na kuona nilipokosea. Nilikuwa naiendesha transista kama bomba lililofunguliwa nusu: inapitisha umeme huku inauzuia, na hapo ndipo joto linapozaliwa. Ilitakiwa iwe kama swichi ya ukutani, iwashe kabisa au izime kabisa. Kwenye mawimbi marefu hilo linawezekana kwa urahisi, kwa kuwa mapigo yake ni ya polepole na transista inapata nafasi ya kugeuka. Nikasuka koili mpya ya waya juu ya kipande cha bomba la plastiki, ili makali ya kuwasha na kuzima huko yalainike kabla ya kufika kwenye antena.

Nilipojaribu, mke wangu aliweka kikombe mahali pake, akaenda kumenya viazi. Aliporudi alionja, akakunja uso.

“Mtambo wako umekufa. Chai imepoa.”

Nikagusa mfuniko. Ulikuwa baridi kama ukuta. Hata mimi niliingiwa na wasiwasi kwamba hakuna kilichotoka. Lakini jioni ile taa ya kibanda ilidumu mpaka mteja wa mwisho alipoondoka, na siku ya gulio rafiki yangu akateremka na gari la ndizi.

“Shemeji,” alimwambia mke wangu, “mumeo siku hizi anasikika kama yupo jikoni kwangu.”

“Kumbe mtambo unafanya kazi na haupati moto?” Akanigeukia. “Basi nirudishie mfuniko wangu.”

Nilitafuta kipande kidogo cha bati, nikahamishia transista hapo, nikaufungua mfuniko. Mchana huo tulikula wali uliofunikwa kwa mfuniko ule, mvuke ukipenya kwenye matundu mawili ya skrubu zilizoishika transista.