Utepe wa maabara uliomsafisha Mbuke

Saa mbili asubuhi Mwahija Akida anamimina uji moto wa agari, unga wa mwani, juu ya kioo, polepole, pumzi ameibana. Kiputo kimoja kikibaki ndani, kazi yote ni ya kutupa. Uji ukiganda, anaukata kwa wembe kuwa tepe nyembamba.

Mwahija, miaka 39, ni msaidizi wa maabara katika hospitali moja mjini Shinyanga. Juu ya utepe huweka tone la damu, kisha umeme huvuta protini zake. Za damu ya kawaida hutangulia, za selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, hubaki nyuma.

"Umeme ukikatika naanza upya, silalamiki," anasema. "Wanaonichosha ni watu."

Machi mwaka huu, 1984, mkuu wa maabara alimwambia agari iliyobaki, makopo mawili, ni ya watafiti wageni. Wagonjwa wasubiri.

Siku hiyohiyo akaingia Mbuke, mkulima wa Segese, amembeba binti yake Limi, miaka mitatu, viganja na nyayo zimevimba. Watoto wake wawili walishakufa hivyo hivyo. Wakwe walikuwa wamemfukuza, wanamwita mchawi.

"Akaniambia, 'Dada, mimi sijawala wanangu.' Damu ilinichemka!"

Mwahija akafungua kopo la watafiti, akakata utepe. Limi alikuwa na selimundu. Akatuma mume aitwe. Bujiku alifika baada ya siku nne, hataki hata kumtazama mkewe. Mwahija akawatoa damu wote wawili.

"Nikamwonyesha. Mistari hii ya mkeo, hii yako, imefanana: mmoja wa kawaida, mmoja wa selimundu. Mtoto mmempa ugonjwa nyote wawili. Kama Mama Limi ni mchawi, Baba Limi, wewe je?"

Bujiku aliketi sakafuni. Jioni alimbeba Limi mwenyewe, wakaondoka wote watatu.

Wiki iliyofuata Mwahija alipewa barua ya onyo: matumizi mabaya ya mali ya serikali. Anaitoa mfukoni.

"Tepe tatu! Mgeni akipima damu ya Limi ni utafiti. Mimi nikiipima ni wizi?"

Hajaomba radhi. Amemwandikia mganga mkuu wa mkoa, anataka kila Jumatano agari iwe ya watoto. Hajajibiwa, lakini akina mama kumi na wanne ameshawaandikisha walete watoto kupimwa.

"Wakitaka kunifukuza, wanifukuze Alhamisi," anasema. "Jumatano nina watoto."